Lakiri, Bahasha na Swali: Jinsi Barua Zilivyoijenga Sayansi

Yapata mwaka 1000, huko Asia ya Kati, al-Biruni wa Khwarazm alimpelekea Ibn Sina maswali 18. Ibn Sina, aliyeishi Bukhara, alikuwa kijana wa takriban miaka ishirini. Maswali 10 yalihoji mafundisho ya Aristotle kuhusu mbingu, na 8 yakahusu maumbile kwa jumla. Moja liliuliza: ikiwa vitu hutanuka vikipata joto na kunywea vikipoa, mbona chupa iliyojaa maji na kuzibwa hupasuka maji yakiganda? Jingine likauliza mbona barafu huelea. Ibn Sina alijibu, al-Biruni akayapinga majibu, na zamu ya mwisho ikajibiwa na al-Ma'sumi, mwanafunzi wa Ibn Sina. Desturi nzima tunayoifuatilia hapa ilikuwa imeshatimia katika barua hizo: mtu kumweleza aliye mbali anachokijua, kwa uwazi unaomwezesha huyo wa mbali kumpinga. Juu ya desturi hiyo, kuliko juu ya kipaji cha mtu mmoja mmoja, sayansi ya leo imesimama.

Huko Ulaya desturi hii ilishamiri katika karne ya 16. Uchapaji ulikuwa umeeneza vitabu, na merikebu zilirudi na wanyama na mimea ambayo vitabu vya kale havikuitaja. Hakuna aliyeweza kuviona vyote kwa macho yake. Conrad Gessner wa Zürich, alipochapisha kazi yake kubwa juu ya wanyama kuanzia mwaka 1551, alitegemea picha na maelezo aliyoletewa na marafiki wa mbali. Carolus Clusius, aliyeisimamia bustani ya mimea ya Leiden tangu mwaka 1593, aliandikiana na mamia ya watu. Barua zipatazo 1,500 zimesalia hadi leo. Ndani ya barua hizo mbegu zilisafiri pamoja na salamu, na anayepokea alijiona ana deni la kurudisha mbegu nyingine.

Karne ya 17 iliipa mitandao hiyo makatibu. Jijini Paris, mtawa Marin Mersenne aliandikiana na Descartes, Fermat na Galileo, akichukua tatizo la huyu na kulipeleka kwa yule. London ikafuata: Jumuiya ya Kifalme ilianzishwa mwaka 1660, na katibu wake Henry Oldenburg, Mjerumani wa asili, akawa kitovu cha barua za bara zima. Machi 1665 alianza kuchapisha jarida la jumuiya hiyo, ambalo sehemu kubwa yake ilikuwa barua alizopokea na muhtasari wa habari zilizomo. Hivyo jarida la kisayansi lilizaliwa ndani ya mfuko wa barua. Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Mwaka 1667, Uingereza ikipigana na Uholanzi, Oldenburg alishukiwa kwa sababu ya barua zake za nje, akafungwa kwa wiki kadhaa katika Mnara wa London.

Mmoja wa waliomwandikia alikuwa Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, mfanyabiashara wa vitambaa asiyejua Kilatini. Kuanzia mwaka 1673 hadi alipofariki mwaka 1723, aliipelekea jumuiya barua zipatazo 190, zote kwa Kiholanzi. Barua yake moja ya mwaka 1674 iliambatana na vifurushi vidogo vya karatasi, na ndani yake mlikuwa na vipande vyembamba mno, vya gamba la mti wa koki na vya mshipa wa jicho la ng'ombe, alivyovikata kwa wembe. Mwaka 1981 vipande hivyo vilikutwa bado viko pamoja na barua hizo jijini London. Alipoeleza mwaka 1676 kwamba tone la maji limejaa viumbe visivyoonekana kwa macho matupu, wengi walitia shaka. Aliwaalika watu walioheshimika, wakiwemo wachungaji, watazame kupitia hadubini yake na kuweka ushahidi kwa maandishi. Mwaka 1677 Robert Hooke aliyarudia majaribio hayo London, akaviona viumbe hivyo. Aliyekuwa mbali aliaminiwa kwa sababu alieleza kiasi cha kuweza kuhakikiwa.

Karne ya 18 ilitawaliwa na Carl Linnaeus wa Uppsala, Sweden. Zaidi ya barua 5,000 alizoandika na kupokea zimesalia. Mpango wake wa kukipa kila kiumbe jina moja la maneno mawili ya Kilatini, alioutumia kwa mimea yote mwaka 1753, ulitibu ugonjwa wa waandishi wa barua: mmea mmoja ulikuwa na jina hili Paris na jina jingine London. Wanafunzi wake walitawanyika duniani. Pehr Forsskål, akiwa Yemen mwaka 1763, alimwandikia mwalimu wake kwamba ameupata mti wa zeri. Mwaka huohuo akafa kwa malaria. Barua ilimfikia mwalimu, mwanafunzi hakurudi.

Hadi wakati huo gharama ilikuwa kizuizi kikubwa. Uingereza, kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa, kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi. Mwaka 1840 stempu ya peni moja ilifuta utaratibu huo, na mlango ukafunguka kwa watu wa kawaida. Charles Darwin, akiwa nyumbani kijijini, aliwahoji kwa barua wafuga njiwa, watunza bustani na maofisa wa makoloni. Barua zipatazo 15,000 zinajulikana, za watu wapatao 2,000. Juni 1858 alipokea barua ya Alfred Russel Wallace kutoka visiwa vya Mashariki ya Mbali, yenye wazo lilelile kuhusu mageuzi ya viumbe alilokuwa akilitunza kwa miaka ishirini. Tarehe 1 Julai, maandishi ya wote wawili yalisomwa London katika kikao kimoja.

Mwaka 1892 mkondo huo uligusa milima ya Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover alilipa jina la Saintpaulia, na leo linapamba madirisha kote duniani. Wasambaa, waliokuwa wakiishi katika milima hiyo, hawamo katika jina hilo. Mitandao ya barua ilijengwa kwa kuaminiana, lakini imani hiyo ilikuwa na mipaka: aliyetia sahihi alikumbukwa, aliyeonyesha njia akasahauliwa.

Katika karne ya 20 mipaka hiyo ilianza kulegea. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, akiwa Dhaka, alimpelekea Einstein makala yake bila kujuana naye. Einstein aliitafsiri kwa Kijerumani na kuifikisha jaridani. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, kwenye milima ileile ya Usambara, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale yasiyochemshwa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, ambaye alilichukua swali na kulipima. Mwaka 1969 jibu lao lilichapishwa katika jarida la Uingereza, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo.

Lakiri imekwisha, na barua pepe hufika kabla kikombe cha chai hakijapoa. Tangu mwaka 1991 wanafizikia huweka makala zao kwenye hazina ya mtandaoni, zisomwe na yeyote. Kazi, hata hivyo, ni ileile ya Khwarazm na Bukhara: kuuliza kwa uwazi na kukubali kupingwa. Swali la kwanza tulilolitaja lilihusu kuganda, na la mwisho pia. Ila safari hii, juu ya makala ile ya mwaka 1969, jina lililotangulia lilikuwa la Mpemba.