Karatasi ya Damu

Jumanne moja baba alirudi kutoka dayalisisi na karatasi ya maabara imekunjwa mara nne mfukoni. Kriatinini: 870. Kando yake herufi H, kumaanisha iko juu. "Miezi minane naenda huko mara mbili kwa wiki," akaniambia, "na hii kitu haishuki. Hiyo mashine inafanya nini?" Kumbe alishapata mtu wa mitishamba. Alitaka kuruka Ijumaa akamwone.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini kusoma najua, basi nikaanza kutafuta mashine yenyewe ilitoka wapi.

Stori inaanza Groningen, Uholanzi, 1938. Daktari mchanga, Willem Kolff, alimtazama kijana wa miaka 22, mtoto wa mkulima, akifa polepole kwa sababu figo zake zimekwama. Kolff akapiga hesabu: nikiweza kumtoa gramu 20 za yurea kila siku, huenda akaishi. Yurea ni taka inayobaki mwili ukishatumia protini ya nyama, mayai au maharagwe. Figo zikilala, inajaa kwenye damu.

Kolff alijaribu na selofani, ile ngozi ya kufungia soseji. Aliweka damu yenye yurea ndani, akaitikisa kwenye maji ya chumvi. Yurea ikapenya nje, damu ikabaki. Vita vikaja, Wajerumani wakaiteka nchi, yeye akahamia mji mdogo wa Kampen. Huko, 1943, aliunganisha mgonjwa wa kwanza kwenye ngoma inayozunguka, imeviringishiwa selofani hiyo. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Septemba 1945, mama wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu akaamka.

Lakini huyo mama figo zake zilipona. Mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa alisubiri hadi 1960, pale Belding Scribner wa Seattle alipobuni mrija wa Teflon unaobaki mkononi, ili mgonjwa aunganishwe tena na tena. Clyde Shields, fundi wa mitambo, aliishi miaka 11 hivyo. Hapo swali likabadilika. Si tena "ataamka?" bali "kuosha kiasi gani kunatosha?"

Jibu lilikuja 1985. Frank Gotch na John Sargent walichambua data ya utafiti mkubwa wa Marekani, wakatoa kipimo kinachoitwa Kt/V: kasi ya chujio, mara muda wa kukaa kwenye mashine, gawanya kwa maji yaliyo mwilini. Leo kiwango cha chini ni 1.2 kila kikao. Njia rahisi zaidi ni kuuliza yurea imeshuka kwa asilimia ngapi. Iwe 65 au zaidi. Na usisahau, viwango hivyo vinahusu watu wa vikao vitatu kwa wiki. Kwetu wengi huenda mara mbili.

Nikarudi kwa karatasi ya mzee. Yurea kabla ya kikao: 28. Baada: 8.4. Hiyo ni asilimia 70. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Kriatinini hutoka kwenye misuli, na damu ile ilichukuliwa kabla ya kuoshwa, baada ya siku nne za kujaa. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Baba anapata saa nane. Lazima iwe juu. Hata ingeshuka sana, ingebidi tujiulize kama anakula, kama misuli inaisha.

Namba ya kutisha ilikuwa nyingine, na hakuna aliyeiangalia: potasiamu, 6.1. Kawaida huishia karibu 5. Ikizidi sana moyo unaweza kusimama, na mara nyingi haikupi dalili. Imejaa kwenye ndizi, parachichi, viazi, nyanya, hata kwenye dawa kadhaa za miti. Kuruka Ijumaa kungemaanisha wiki nzima, Jumanne hadi Jumanne, bila chochote cha kuitoa.

Himoglobini ilikuwa 8.2. Figo ndizo hutuma homoni ya kuuambia uboho utengeneze damu. Sindano ya kuchukua nafasi yake iliidhinishwa Marekani 1989. Kabla ya hapo ilikuwa kuongezewa damu ya watu. Kumbe ule uchovu tuliouita uvivu ulikuwa na namba yake.

Nilimweleza yote jikoni, kalamu mkononi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na parachichi je?"

"Wacha kwanza, baba. Tuulize mtu wa lishe."

Ijumaa alienda. Siku hizi akipewa karatasi anaanza na potasiamu, anaomba yurea ya kabla na ya baada, halafu ananipigia simu tupige asilimia pamoja.