Lugha za Wayi: nani ndugu wa nani?

Katika Kinuosu, lugha ya Wayi wa milima ya Liangshan, mkoani Sichuan, namba mbili huandikwa *nyip* kwa herufi za Kirumi, na sita huandikwa *fut*. Usizitamke herufi za mwisho. Ile *p* yakuambia ushushe sauti, na ile *t* uipandishe. Ukikosea toni, umesema neno jingine. Hayo si ya kunaswa na mpita njia, ndiyo maana kazi ya kuzieleza lugha za Wayi imevuka karne nzima.

Wayi ni zaidi ya milioni 9, kusini-magharibi mwa China. Zamani waliitwa Lolo, jina la dharau. Wenyewe hujiita Nuosu, Nasu, Nisu na mengine mengi. Hiyo *su* maana yake watu. Sisi twaielewa njia hiyo, kwani neno Bantu nalo maana yake watu.

Mwaka 1909 vilitoka vitabu viwili. Padri Mfaransa Paul Vial, aliyeishi miaka mingi na Wasani, kundi la Wayi wa mkoa wa Yunnan, alichapisha kamusi ya lugha yao. Henry Davies, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka Yunnan kutafuta njia ya reli, alikusanya orodha za maneno ya makabila na kuyapanga kwa koo za lugha. Mmoja alichimba kisima kimoja. Mwingine alichora ramani ya visima vyote.

Ramani ndiyo iliyoshika. Katika sensa ya China ya 1953, watu walijitaja kwa majina zaidi ya 400. Mwaka uliofuata wataalamu, wakiongozwa na Lin Yaohua, walitumwa Yunnan kuyapunguza. Kipimo chao kikuu kilikuwa lugha, na mgawanyo wa Davies ulikuwa umeshawafikia kupitia wasomi wa Kichina. Makundi mengi yakaingizwa chini ya jina moja, Yi.

Baadaye lugha zao zikagawanywa mafungu sita yaliyoitwa lahaja. Lakini Mnuosu wa Liangshan na Mnisu wa kusini mwa Yunnan hawaelewani wakizungumza. Wengi wa watu waitwao Lipo, kwa upande wao, wamehesabiwa Wayi ilhali usemi wao uko karibu zaidi na wa Walisu, ambao ni taifa jingine kwa sheria. Mwaka 1980 serikali iliidhinisha alama 819 za kuandikia Kinuosu, zilizotokana na maandishi ya kale ya makuhani waitwao *bimo*. Hazikukusudiwa kuandikia lugha za mafungu mengine.

Maneno kufanana hakutoshi kuthibitisha udugu, kwani majirani huazimana. Ushahidi wenye nguvu ni mabadiliko ya sauti ambayo lugha fulani zilirithi kwa pamoja kutoka kwa mama yao, na nyingine hazikuyapata. Mwaka 1979 David Bradley alichapisha jaribio la kuijenga upya lugha ya kale iliyozaa lugha za Wayi na jamaa zake. Mwaka 2012 Ziwo Lama, mwenyewe mzungumzaji wa Kinuosu, alitumia kipimo hicho cha mabadiliko ya sauti kuzipanga upya lugha za Wayi katika tasnifu yake huko Texas.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wageni waliandika mengi ya thamani, lakini ukoo hupangwa vyema zaidi pale wenye ukoo nao wanapoketi barazani na kusema.