Mali Iliyotolewa kwa Bei ya Chini

Mali hupita chini ya thamani yake pale mwenyewe asipoweza kukataa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba makubwa ya wageni watakabidhiwa Wazaire. Wagiriki, Wareno na Wahindi hawakupatana bei na mtu. Serikali iliamua nani apewe nini, na malipo yakaahirishwa kwa miaka. Wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa chama. Wakauza bidhaa zilizokuwamo, wasinunue nyingine, rafu zikabaki tupu. Lakini tuseme kweli: mashamba yale mengi yalitwaliwa kwa babu zetu, baada ya amri ya 1885 kuita ardhi yao tupu. Mwaka 1976 wageni waliitwa warudi. Ardhi yenyewe, kwa sheria ya Julai 1973, ilibaki ya Serikali.