Nyumba Kabla ya Feni: Historia ya Joto na Kelele Karagwe

Anayerekodi muziki nyumbani kwa kompyuta, awe Ihembe wilayani Karagwe au Kariakoo jijini Dar es Salaam, anapambana na mambo mawili yanayovutana. Kompyuta ikifanya kazi nzito hupata joto. Joto likipanda, feni huongeza kasi. Feni ikiongeza kasi, maikrofoni huinasa. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni wa kununua: feni bora, kava zito, mashine mpya. Kwa mtu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ushauri huo unaanzia mwisho. Historia ya makazi ya huku inaonyesha kwamba ubaridi na utulivu viliwahi kupatikana chini ya paa moja bila kugombana, vikatenganishwa na bati, kisha mashine ikaja kukaa katikati ya ugomvi ambao haikuuanzisha. Tatizo hili ni la nyumba kabla ya kuwa la feni.

Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwezi Novemba 1861, walikuta nchi ya vilima, ng'ombe na migomba, na nyumba za miti, matete na nyasi. Nyumba ya asili ya Wanyambo na jirani zao Wahaya ni msonge: fito na matete hukunjwa na kufungwa kwa duara juu ya duara, kisha nyasi hufunika yote kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, hivi kwamba ukuta na paa ni kitu kimoja. Unene huo wa nyasi umejaa vifuko vidogo vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Nyasi hizohizo humeza sauti: matone ya mvua hupotelea ndani yake, na sauti ya mtu hairudi ukutani kama mwangwi. Chini, sakafu ilitandazwa nyasi. Nje, migomba ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, ilitia kivuli na kukata upepo. Kwa hiyo kitu kimoja kilifanya kazi mbili, na hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya kupoa na kunyamaza.

Ushahidi mmoja wa jambo hili umo katika muziki wenyewe. Enanga ni ubao uliochongwa uvungu, wenye nyuzi zinazopita juu yake kutoka ncha hadi ncha, na mpigaji huidonoa huku akisimulia tenzi ndefu za mashujaa na wafalme. Sauti yake ni ndogo. Ngoma na mabaragumu ya kifalme yalikuwa na uwanja wa kujitangazia, lakini enanga ilihitaji wasikilizaji wa karibu na mahali palipotulia kiasi cha kusikia mlio wa uzi ukififia. Ni kupita kiasi kusema kwamba msonge ndio uliozaa enanga. Inatosha kusema kwamba ala ya namna hiyo iliweza kustawi katika nchi yenye misimu miwili ya mvua, kwa sababu mvua ikinyesha nje, simulizi iliendelea ndani.

Bati lilikuja na fedha, na fedha ilikuja na kahawa. Mwaka 1950 wakulima wa Bukoba, jirani na Karagwe, walikuwa tayari na chama kikuu cha ushirika, BNCU, na katika miongo iliyofuata paa la bati likawa alama ya familia iliyopiga hatua. Watu hawakukosea. Nyasi huoza, huvuja zisipoezekwa upya, huhifadhi panya na wadudu, na cheche moja ya jikoni inaweza kuteketeza kila kitu usiku mmoja. Bati huokoa kazi hiyo yote na pia hukusanya maji ya mvua. Lakini bati tupu, lisilo na dari chini yake, lina kasoro mbili zinazokwenda pamoja: saa sita mchana hugeuza chumba kuwa tanuri, na mvua ya masika ikishuka, watu wawili waliokaa meza moja hawasikilizani. Paa lililozuia joto na kelele kwa mpigo liliondoka, na nafasi yake ikashikwa na paa linaloingiza vyote viwili.

Wataalamu wa kurekodi walioingia nchini nao waliikuta shida ya kelele, wakaitatua kwa njia mbili za zamani: umbali na ukuta. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila mengi, Wahaya wakiwamo. Mitambo ya wakati ule ilihitaji umeme, vijijini haukuwapo, na jenereta hunguruma. Dawa ilikuwa waya mrefu ulioacha injini mbali na mwimbaji. Dar es Salaam, studio za Radio Tanzania, ambako bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa, zilitumia ukuta: waimbaji upande mmoja wa kioo, fundi na mitambo yake upande wa pili. Hata FADECO, redio ya jamii iliyoanza kurusha matangazo Karagwe mwaka 2007, ilihitaji kama redio yoyote chumba kilichotengwa kwa ajili ya msemaji. Katika mifano hii yote, kitu kinachonguruma hakiketi chumba kimoja na maikrofoni.

Kompyuta ya nyumbani ndiyo iliyovunja kanuni hiyo, na ilifanya hivyo taratibu. Prosesa ya Intel 486, iliyotoka mwaka 1989, iliweza kufanya kazi bila feni yake yenyewe. Pentium ya mwaka 1993 ilitumia wati kumi na kitu, na feni juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida. Kufikia mwaka 2004 baadhi ya Pentium 4 zilikuwa zimepita wati 100, yaani joto la balbu kubwa ya zamani lililobanwa kwenye kipande kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo kurekodi kulihamia vyumbani: programu moja ikachukua nafasi ya meza ya kuchanganyia sauti na ya mashine ya tepu, na kijana mwenye kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini akaweza kujiita prodyuza. Fundi, mwimbaji na injini wakajikuta wamefungiwa pamoja katika chumba cha mita tatu kwa tatu.

Tazama chumba hicho kwa karibu. Kutani kumebandikwa trei za mayai, mlangoni kumetundikwa blanketi zito, dirisha limezibwa kwa godoro ili jogoo na pikipiki visisikike. Trei hupunguza mwangwi kidogo wa sauti nyembamba. Kelele ya nje hazizuii, kwa kuwa ni karatasi nyepesi. Blanketi na godoro husaidia zaidi, lakini vyote kwa pamoja huzuia hewa. Kompyuta, taa na watu watatu huanza kupasha chumba kutoka ndani, bati likipasha kutoka juu. Nyuzi moja ikiongezeka katika hewa ya chumba, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi moja, na feni hujibu. Kasi ya feni ikizidi mara mbili, kelele yake hupanda kwa takriban desibeli 15, ongezeko ambalo sikio hulisikia kama zaidi ya maradufu. Hivyo kuziba chumba dhidi ya kelele ya nje ndiko kunakozaa kelele ya ndani, tena saa ileile mwimbaji anapofika kwenye ubeti wa polepole.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba msonge unasifiwa kupita kiasi: mbuzi na ndama walilala humo, moshi ulijaa, na kimya cha studio hakikuwapo. Ni kweli, na hakuna sababu ya kurudi kwenye nyasi zinazowaka karibu na nyaya za umeme. Linalofaa kurithiwa ni kanuni, yaani tabaka nene lenye hewa ndani kati ya mtu na mbingu. Dari ya mbao chini ya bati, ikiwekewa juu yake tabaka nene lisiloshika moto kwa urahisi, kama sufi ya mwamba (rock wool), hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea, kwa joto na kwa mvua pia.

Mwingine atasema kwamba Karagwe haina joto la kupigania, maana vilima vyake vingi hupita mita 1,500 juu ya bahari na jioni watu huvaa makoti. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Hewa ya nyuzi 20 ni bahati ambayo prodyuza wa Dar es Salaam, mwenye nyuzi 30, hana. Lakini katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Tena, bahati ya hewa baridi ni ya nje. Chumba kilichozibwa hakiipati. Inafaa hewa hiyo ipewe njia ya kuingia: mfereji wa mbao wenye kona mbili, uliotandikwa kitambaa kizito ndani. Hewa hupinda, sauti hugonga kitambaa ikafifia.

Upinzani mkali zaidi ni kwamba teknolojia imeshamaliza kesi: tangu 2020 ziko kompyuta za mkononi kama MacBook Air yenye chipu ya M1, ambazo hazina feni kabisa, na programu za kufuta mvumo zipo. Mashine hizo ni nzuri kwa anayezimudu, ila nazo zikipata joto hujipunguzia kasi, na chumba cha moto huziwahisha hapo. Programu za kufuta mvumo hukata pale sauti ndogo zilipo: pumzi ya mwimbaji, na mkia wa uzi wa enanga unapofifia. Anayerekodi muziki wa huku hupoteza kwanza kile kinachoutambulisha.

Mpangilio wa matumizi basi unatoka kwenye historia. Fedha ya kwanza iende kwenye dari na njia ya hewa, kwa sababu hizo hutumikia kila mashine itakayonunuliwa baadaye. Ya pili, iliyo ndogo sana, inunue umbali: tundu ukutani na nyaya ndefu za kutosha, kompyuta ikae chumba cha pili na skrini ibaki kwa fundi. Kusafisha vumbi na kupaka upya pesti ya joto kwenye prosesa ni kazi ya nusu saa. Feni kubwa inayozunguka polepole ije baada ya hapo, na mashine mpya iwe ya mwisho. Anayeanza na mashine mpya ndani ya chumba kilekile atanunua tena baada ya miaka michache, na bati litakuwa bado juu yake.