Matembezi ya majira ya baridi katika vilima vya Wasatch

Matembezi ya majira ya baridi katika vilima na makorongo ya Wasatch ni desturi ya wakazi wa Salt Lake City na miji jirani ya jimbo la Utah, Marekani, ya kwenda milimani kwa miguu kuanzia Novemba hadi Aprili, njia zikiwa zimefunikwa na theluji au barafu. Mji uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa mashariki safu ya Wasatch inainuka kupita mita 3,300. Milima inaanzia pale nyumba zinapoishia, hivyo mtu anaweza kutoka kazini na kuanza kupanda kabla jua halijazama. Ukaribu huo ndio unaoyafanya matembezi haya yapendwe, na ndio uliozaa dhana kwamba njia za karibu ni njia salama. Dhana hiyo haina msingi. Wakati wa baridi, usalama wa njia hauamuliwi na umbali wake kutoka mjini, bali na mteremko ulio juu yake na upande ambao mteremko huo unaelekea.

Athari ya upande huonekana wazi kwenye Bonneville Shoreline Trail. Njia hii hufuata ufuko wa ziwa la kale la Bonneville, ambalo masalia yake ni Great Salt Lake; mawimbi yake yalichonga ubavuni mwa milima kingo pana ambazo leo ni rahisi kutembea. Mteremko unaotazama kusini hupigwa na jua, na theluji yake huyeyuka ndani ya siku chache. Ukipinda kona na kuingia upande wa kaskazini, theluji ya Desemba unaweza kuikuta hadi Machi. Hata hali ya njia ileile hubadilika kwa saa. Theluji iliyoshindiliwa na viatu vya wengi hulainika juu wakati wa adhuhuri, kisha huganda mara tu ukuta wa korongo unapoziba jua. Aliyepanda saa saba mchana bila shida hujikuta saa kumi anashuka kwenye barafu tupu, na ndiyo sababu wazoefu hubeba meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu.

Meno hayo huzuia kuteleza, lakini hayamsaidii mtu dhidi ya hatari kubwa zaidi, yaani maporomoko ya theluji. Mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Theluji ya mwanzo wa msimu ikikaa muda mrefu katika baridi kavu, chembe zake hugeuka na kuwa kama sukari: hazishikani. Theluji mpya ikirundikana juu yake, uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuiporomosha yote. Tarehe 6 Februari 2021, tabaka dhaifu la aina hiyo lilisababisha vifo vya watu wanne waliokuwa wakiteleza kwa skii upande wa juu wa korongo la Millcreek, ambalo mdomo wake unafungukia kwenye vitongoji.

Kuna wanaosema kwamba ajali kama hizo ni za wanaskii wa juu, hazimhusu mtembea kwa miguu. Lakini theluji hushuka kwa kufuata mifereji ya mlima, na baadhi ya mifereji huishia njiani. Isitoshe, tabaka likiwa dhaifu sana, mtu anayetembea mahali tambarare anaweza kuuporomosha mteremko ulio juu yake. Wengine hutegemea nyayo: njia iliyopitwa na wengi, wanadai, imekwisha kujaribiwa. Nyayo zinathibitisha tu kwamba jana watu walipita. Hazisemi lolote kuhusu theluji iliyorundikwa na upepo usiku. Wala ukaribu wa hospitali haufidii kosa. Aliyefukiwa anahitaji kufukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15, na waokoaji kutoka mjini ni nadra kuwahi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba, kama ni hivyo, heri watu wabaki nyumbani. Hapana. Wakati wa baridi hewa nzito hunasa bondeni chini ya hewa yenye joto zaidi, ikishikilia moshi wa magari na majengo kwa siku kadhaa. Mara nyingi mita mia chache juu ya mji hewa ni safi na jua linawaka, na kumnyima mtu nafasi hiyo ni hasara ya kweli kwa afya yake. Tena maarifa yanayohitajika si mengi: kusoma taarifa ya kila siku ya Utah Avalanche Center, yenye madaraja matano ya hatari, kupima mwinamo kwa ramani au simu, na kukaa kwenye migongo mipana isiyo na mteremko mkali juu yake. Vibao vya njia hutaja kwanza urefu na kimo. Vingepaswa kutaja pia mwinamo ulio juu ya njia, kwa maana kilomita tatu chini ya mteremko uliolemewa na theluji ni za hatari kuliko kilomita kumi juu ya mgongo wa kilima, na mtembezi ana haki ya kulijua hilo kabla hajachagua.