Simu ya mama mjamzito: imetutoa wapi, inatupeleka wapi

SEHEMU YA 1: MWAKA 1994

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Nesi, nipakue programu gani ya ujauzito?" Kabla ya kujibu naomba turudi nyuma kidogo, maana jibu limo kwenye historia.

Mwaka 1994 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaunganisha wakati ule. La kwanza, kampuni ya Mobitel ilianza huduma ya simu za mkononi Tanzania. Simu ilikuwa kitu cha wakubwa wa Dar es Salaam. Mama wa kijijini Korogwe au Handeni hakuwa na habari nayo kabisa.

La pili, wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha makala ambayo manesi tunafundishwa mpaka leo. Walisema mama anapokufa kwa uzazi, mara nyingi kuna ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa akishafika.

Shikeni hizo tatu. Nitazitumia kuipima simu, mwanzo hadi mwisho.

SEHEMU YA 2: KITOCHI KINAINGIA KIJIJINI

Vodacom walianza kazi nchini mwaka 2000, Celtel wakafuata 2001 (ndiyo iliyokuja kuwa Zain, halafu Airtel). Mwaka 2003 Nokia wakatoa ile 1100 yenye tochi. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Chaji ilikaa siku nyingi, na umeme ukikatika una taa mkononi. Wengi wenu mnakumbuka kukwangua vocha na kubipu ili upigiwe.

Hiyo simu haikujua chochote kuhusu ujauzito. Lakini uchungu ukianza usiku, mtu alipiga simu badala ya kutuma kijana aende kwa mguu kutafuta gari. Hapo ucheleweshaji wa pili ulianza kupungua.

Kilichobaki kilikuwa hela. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, kwetu ikaja 2008. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ikaitumia vizuri sana. Kina mama wenye fistula, ule ugonjwa wa kuvuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu, walikuwa wanatibiwa bure lakini walikosa nauli ya kufika. CCBRT wakawa wanatuma nauli kwa M-Pesa kwa mtu aliyemtambua mgonjwa huko aliko, mgonjwa anapanda basi anakuja. Yaani mwanamke aliyejificha ndani miaka na miaka alitolewa na meseji ya pesa.

SEHEMU YA 3: MESEJI YA ALHAMISI

Ucheleweshaji wa tatu unatokea huku kwetu watoa huduma. Umefika zahanati, dawa hakuna.

Mwaka 2009 Wizara ya Afya pamoja na Novartis, IBM na Vodafone walifanya majaribio yaliyoitwa SMS for Life kwenye wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila Alhamisi vituo 129 vilipokea meseji ikiuliza dawa za malaria zimebaki ngapi. Mhudumu anajibu bure, na akijibu kwa wakati anapata vocha kidogo. Mwanzoni, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa. Baada ya wiki 21 vilibaki 26 kati ya 100. Kazi yote hiyo ilifanywa na simu za kawaida tu.

SEHEMU YA 4: KUAMUA

Ucheleweshaji wa kwanza ndio mgumu, kwa sababu uko kichwani na uko nyumbani. Mama mkwe anasema subiri, mume hayupo, wewe mwenyewe unaona aibu.

Kati ya 2009 na 2010 Zanzibar walijaribu mpango ulioitwa Wired Mothers kwa wajawazito 2,550. Nusu ya vituo, kina mama wake walitumiwa meseji za elimu na kupewa vocha za kumpigia mhudumu. Kwenye kundi hilo, 60 kati ya 100 walijifungua mikononi mwa mtaalamu. Kwenye kundi lingine ni 47. Lakini sikilizeni hili: faida ilionekana kwa kina mama wa mjini, wa shamba haikuonekana. Meseji haijengi barabara.

Mwezi Novemba 2012 Wizara ikazindua Wazazi Nipendeni. Ulikuwa unatuma neno "mtoto" kwenda 15001, bure, unapata ujumbe kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yako.

Na barabara je? Mwaka 2013 mpango wa m-mama ulianza Kanda ya Ziwa, na 2022 serikali ikaanza kuusambaza nchi nzima. Unapiga 115 bure. Anayepokea anauliza maswali, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Kama halipo, anaitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, na analipwa kwa simu. Mama halipi.

Takwimu za taifa zinaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015/16) hadi 104 (2022). Siwezi kusema ni simu. Kuna vituo vipya, vyumba vya upasuaji, damu, watumishi. Ila simu ilikuwepo kwenye safari hiyo.

SEHEMU YA 5: SIMU JANJA

Sasa ndipo ninapopata wasiwasi. Simu iliyopunguza ucheleweshaji wa pili na wa tatu, naona inaturudishia ule wa kwanza.

Zamani mama akivimba uso alimuuliza bibi. Leo anapiga picha, anaweka kwenye grupu la WhatsApp, anasubiri majibu. Mmoja anasema ni chumvi, mwingine anasema ni mtoto wa kiume. Saa tatu zimepita. Presha ya mimba haisubiri grupu.

Programu za ujauzito nazo zinafanya hesabu: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, jumlisha wiki 40. Kama hukumbuki tarehe, au mzunguko wako hauko sawa, hesabu haiko sawa. Tena haiwezi kukupima presha, damu wala mkojo. Presha ya mimba inaweza kupanda na wewe hujisikii chochote.

Na ya bure si ya bure. Mwaka 2021 programu maarufu ya hedhi na ujauzito iitwayo Flo ilifikia makubaliano na serikali ya Marekani, baada ya kutuhumiwa kupeleka taarifa za watumiaji wake kwa makampuni kama Facebook na Google. Meseji ya 15001 ilitumwa ili uende kliniki. Programu nyingi zinataka ubaki kwenye kioo, maana ukibaki ndipo matangazo yanaonekana.

Basi jibu langu: pakua unayotaka, hesabu wiki, angalia picha za mtoto, furahi. Ila ukiona damu, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba, homa, degedege, maji yamevunjika, au mtoto amepunguza kucheza, usiandike kwenye grupu. Nenda. Grupu utalisimulia baadaye.

Na leo jioni fanyeni haya, hapa Kwamndolwa na popote mlipo: andikeni 115 na namba ya bodaboda au dereva mnayemwamini kwenye simu ya mama, ya baba na ya jirani. Tangu mwezi wa saba simu ilale na chaji. Kitochi kinatosha.

Mwenye swali aulize hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.