ULEZI, JIWE LA KUSAGIA NA MIFUPA YETU

Ndugu msomaji, Nabii Zakariya (A.S.) alipomlalamikia Mola wake uzee, kitu cha kwanza kukitaja kilikuwa udhaifu wa mifupa yake, mvi alizitaja baadaye. Mfupa ndio nguzo ya mwili. Lakini wengi wetu huukumbuka siku mama mzee ateleza chooni akavunjika nyonga.

Natutazame historia ya nchi iliyo mbali na pwani yetu, tupate mazingatio. Nayo ni Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Huko ndiko kwa Wanyamwanga. Wazee wao, kama Wabemba wa ng'ambo ya mpaka, walikula ulezi. Walikata matawi ya miti, wakayachoma, wakaupanda katika majivu. Wanawake wakausaga kwa jiwe, kwa nguvu za mikono yao.

Mahindi asili yake ni Amerika. Katika nyanda hizo yalishika nguvu zaidi miaka ya 1970, Serikali iliponunua mazao kwa bei moja nchi nzima, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Hatuyalaumu mahindi, yameshibisha watu wengi. Wala mashine ya kusaga, imewapumzisha mama zetu. Lakini tujue kilichotupungukia.

Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalisi, madini yajengayo mfupa. Mahindi hayafiki 30. Ama kazi ya jiwe, mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kuwa mifupa ya mikono ya wanawake wakulima wa kale wa Ulaya ya kati ilikuwa na nguvu kuliko ya wanawake wa leo wanaoshindana kupiga makasia. Sababu waliyoiona ni kulima na kusaga nafaka. Kwani mfupa ni kitu hai: ukitumikishwa huimarika, ukiachwa hudhoofika.

Leo ulezi umebakia uji wa mtoto, na penginepo hugeuzwa pombe, ikawa neema ya Mungu imetiwa katika haramu. Turudishe uji huo kwa wazee pia. Ulezi ulowekwe, uoteshwe kidogo, uanikwe, ndipo usagwe. Hivyo mwili huyapata madini yake kwa wepesi. Tuongeze dagaa wa kuliwa na mifupa yake. Na jua la Mungu halina bei: ngozi ikilipata, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo bila yake kalisi haiingii vizuri mwilini.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka yake kila siku lichomozapo jua, na kwamba kila hatua ya kwendea Swala ni sadaka. Basi vipi mtu mzima wa afya msikiti uko hatua mia mbili naye apanda bodaboda? Mgonjwa hana lawama. Mvivu ajihesabu mwenyewe.

Na mwenye mzazi mzee nyumbani asimwache kitandani mchana kutwa. Ampe uji wake asubuhi, kisha amshike mkono watembee uani polepole, kadiri awezavyo. Hiyo ni sadaka ya viungo vya mtoto, na ni dawa ya viungo vya mzazi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.